Ngozi ya Doa na Ngazi ya Emanueli

Wengi wakipita mbele ya ghala langu la ngozi pale Mbulu mjini hushika pua na kuongeza mwendo. Mimi navuta pumzi. Kwa harufu hiyo nimejenga nyumba ya vigae, kwa harufu hiyo nimenunua lori, na watoto wangu wamesoma hadi huko ambako mimi nikiitwa mkutano wa wazazi nakaa viti vya nyuma nisije nikaulizwa kitu. Wenye vyeti wanakuja kwangu kuomba kibarua cha kuwamba ngozi. Siringi, nasema yaliyopo. Muulize yeyote sokoni.

Juzi mfugaji mmoja kutoka mabondeni Hanang aliniletea ngozi ambayo hakuipaka chumvi. Ilikuwa imekauka ikakakamaa kama bati, akaona ailoweke kijitoni ili apate kuikunja. Nilipoifungua, ile harufu ya ngozi na maji baridi na tope la kijitoni ikanipanda puani, na kabla hatujaanza kupatana nikajikuta nimekasirika. Yule mfugaji hakuwa na kosa. Nilimkasirikia kaka yangu Emanueli, ambaye siku hiyo alikuwa mbali huko Arusha, amevaa zake koti jeupe ndani ya maabara, hana habari. Ninyi wa rika langu mtanielewa. Kuna mambo ya utotoni ambayo mtu huyavua kama kaptula iliyombana, na kuna mengine humea pamoja naye.

Kwetu ni Masieda, mlimani, ambako asubuhi ukungu huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Baba alilima mahindi na maharage kama watu wote, lakini jina lake lilijulikana kwa kamba. Ukitaka kamba ya ngozi ya kufungia nira, kamba ambayo maksai wawili wakivuta plau kwenye udongo mzito haikatiki wala hairefuki, ulikuja kwa baba. Watu walitoka hadi Bashay, na mkungu wa ndizi au debe la mahindi begani, wakakaa uani wakasubiri. Nami nilikuwa napita mbele yao kifua mbele, kana kwamba nimezisokota mimi.

Emanueli alikuwa mkubwa wangu. Yeye ndiye aliyefaulu kwenda sekondari, akakaa bweni huko mjini, na kila akija likizo nyumba yetu ilikuwa kama imepata Pasaka ya pili. Mama alichinja kuku. Sasa wote mnajua firigisi ni ya nani. Firigisi ni ya baba wa nyumba, na mtoto anayeigusa anatafuta maneno. Basi likizo moja mama akamwekea Emanueli firigisi. Nikamtazama baba nikingoja atakavyowaka. Baba akasema, "Mwache ale, kichwa chake kinafanya kazi." Mimi nilikuwa nimeshinda na ng'ombe tangu alfajiri, miguu imepasuka kwa baridi, na kwenye sahani yangu kulikuwa na shingo.

Shule na mimi hatukupatana tangu mwanzo. Mwalimu wa darasa la kwanza alinikuta nashika chaki kwa mkono wa kushoto, akanichapa vidole mpaka vikavimba, na tangu hapo nikawa naandika kwa mkono wa kulia kama kuku anayechakura. Emanueli aliandika kama mashine. Barua zake baba alikuwa akizikunja na kuziweka mfuko wa shati, upande wa moyo, ijapokuwa hakujua kusoma hata mstari.

Lakini nilikuwa na Doa. Doa alikuwa dume jekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, nilimchunga tangu akiwa ndama anayenyonya vidole vyangu, na alipohasiwa akawa maksai mpole kuliko binadamu. Msimu mmoja wa mvua aliteleza korongoni akavunjika mguu. Ikabidi achinjwe. Nililia mpaka kamasi zikaganda, nikaapa sitakula nyama yake, kiapo kilichodumu mpaka mchuzi ulipochemka. Baba akanikuta nyuma ya zizi, akachuchumaa. "Usilie, garma," akaniambia. Garma kwa kwetu ni mvulana. "Ngozi ya Doa ni mjeledi wako. Mwaka huu utaswaga wewe."

Asiyelima kwa maksai hajui neno hilo lina uzito gani. Kwenye plau kuna anayeshika na kuna anayeswaga. Mtoto asiye na mjeledi wake anashika fimbo na kukimbia pembeni kama mbwa. Mwenye mjeledi mrefu wa ngozi anatembea. Anaupasua hewani, pa!, na bonde zima linajua nani yuko kazini. Baba aliilaza ngozi ya Doa kijitoni, akaikandamiza kwa mawe, na mimi kila jioni nikirudisha ng'ombe napita kuigusa majini kwa kidole cha mguu, kama mtu anayejulia hali mgonjwa.

Ndipo Emanueli akaja likizo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, msomi wangu. Habari za kitabu?"

"Nzuri, baba. Ila tumepewa kazi ngumu. Kuna maonesho ya sayansi tukifungua shule. Kila mtu atengeneze mfano wa kitu. Mimi nimepewa DNA."

"Huyo ni nani?" akauliza mama.

Emanueli akacheka, akachukua kijiti, akachora chini uani. Alichora ngazi ya kupandia darini, halafu akachora nyingine, lakini hiyo ya pili ilikuwa kama imeshikwa juu na chini na watu wawili wenye nguvu, kila mmoja akaizungusha kwake. Akasema kitu hicho kimo ndani ya kila chembe ya mwili, kwenye damu, kwenye ngozi, hata kwenye mzizi wa unywele, kidogo hata macho hayakioni. Akasema hicho ndicho mtoto anachopewa na wazazi, nusu ya baba, nusu ya mama, na ndicho kinachomfanya afanane nao.

Baba aliinama akaitazama ile michoro muda mrefu. Niliona uso wake ukifunguka.

"Hii siyo ngazi," akasema. "Hii ni kamba. Kamba ya nyuzi mbili, mtu kaichomekea vijiti katikati. Hii naiweza."

"Kweli, baba?"

"Nina ngozi majini."

Nikamtazama mama, maana ile ahadi ya mjeledi alikuwa anaijua. Mama akageukia sufuria yake.

Kesho yake baba akaitoa ngozi. Akakwangua manyoya mekundu ya Doa kwa kisu, yakaanguka chini kwa mafungu, hata lile baka jeupe likaanguka. Halafu akaanza kukata kutoka ukingoni akizunguka kuelekea katikati, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda, mpaka ngozi yote, ukiacha shingo, ikawa ukanda mmoja mrefu ajabu. Akaupaka siagi, akauvuta, akausugua kwenye nguzo ya zizi, kisha akaukata ukawa kamba mbili. Kazi hiyo nimeiona mara nyingi, na sijawahi kuiona ikifanywa kwa upendo namna ile. Kamba za watu alizifanya akipiga soga. Ya Emanueli aliifanya kimya.

Mama naye akaingia ndani akatoka na sketi ya ngozi ya bibi, ile ya zamani yenye shanga, aliyokuwa ameihifadhi kwenye kikapu juu ya dari. Hiyo sketi sisi hatukuruhusiwa hata kuishika. Akakaa juani akaanza kuzifumua shanga: nyekundu, njano, nyeupe, buluu. Akamwagia Emanueli kwenye kiganja.

Hapo ndipo akili yangu ya kitoto iliposhika jambo na kulishika vibaya. Emanueli alikuwa amesema nusu ya baba, nusu ya mama. Nami nikaona kwa macho yangu: baba anatoa ngozi, mama anatoa shanga, vyote viwili vinaingia mikononi mwa Emanueli. Nikaamini kwamba ndilo jambo lenyewe linafanyika pale uani mchana kweupe. Kwamba kila mtu hutengenezewa na wazazi wake hiyo kamba, siku yake ikifika, na ndiyo inayomfanya awe mtoto wao. Na kwamba ngozi ilikuwa moja, na sketi ya bibi ilikuwa moja. Nikawaangalia wote watatu wameinamiana vichwa, nikaangalia mikono yangu. Wewe ungefanyaje? Tangu saa ile nilitaka kitu kimoja tu duniani, baba anipe changu.

Nilikaa karibu nikisikiliza kila neno, kwa jicho la paka. Emanueli alikuwa anaeleza huku anafunga. Zile kamba mbili za pembeni, akasema, kila kipande kimeshikana na kinachofuata kwa kifungo kigumu sana, hukikati kwa urahisi. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika, "Ndivyo inavyotakiwa." Vijiti vya katikati vilikuwa nusu nusu, nusu inatoka kamba hii na nusu kamba ile, vinakutana katikati kwa shanga. Nyekundu siku zote na njano. Nyeupe siku zote na buluu.

"Kama wachumba," akasema mama.

"Kuliko wachumba, mama. Hawa hawaachani wakachukua wengine."

"Na nyekundu akimtaka buluu?"

"Hawezi. Nyekundu na njano wana mikono miwili miwili ya kushikana. Nyeupe na buluu wana mitatu mitatu. Mikono isipolingana hakuna ndoa."

Mama alicheka mpaka akaweka sindano chini. Emanueli akafunga nyekundu na njano kwa nyuzi mbili, nyeupe na buluu kwa nyuzi tatu, nyuzi nyembamba za pamba zilizotoka kwenye gunia.

Baba akashika uzi mmoja, akauvuta, ukakatika. "Huu uzi gani? Pembeni umenitaka ngozi ya maksai, katikati unafunga kwa uzi wa gunia? Itafumuka."

"Inatakiwa ifumuke, baba. Kifungo kimoja cha katikati ni dhaifu, lakini viko vingi, ndiyo maana vinashika. Saa ya kutengeneza nyingine ikifika vinaachia, kamba inafunguka katikati kama zipu. Halafu kila upande unajitafutia mwenzake mpya. Ilikuwa moja, zinakuwa mbili, zinafanana kabisa."

Nikaruka nilipokuwa nimekaa. Nilikuwa nimesikia wokovu wangu.

"Basi ifungue," nikasema. "Ifungue unipe upande mmoja. Si umesema wako utajitengenezea mwingine?"

Emanueli akaanguka chali kwa kucheka, miguu juu. Mama akafunika mdomo kwa kanga. Hata baba mabega yalimtikisika. Kufika Jumapili habari ilikuwa imefika kanisani kabla yetu. Watoto wa jirani walikuwa wananiita "Nipe Upande". Nipe Upande, ng'ombe wako wameingia shambani! Nipe Upande, mama yako anakuita! Emanueli ndiye aliyewaambia. Hilo sijalisahau, na namwambia mpaka leo akija na gari lake dogo.

Nikamwendea baba alikokuwa anachonga mpini.

"Baba, na yangu?"

"Yako nini?"

"Kamba yangu."

Akanitazama. Nadhani hakuelewa, alidhani nataka mjeledi. Akaingia kwenye banda akanitolea kipande cha ngozi ya shingo ya Doa, kile kinachobaki, kinene, kina mikunjo, hakuna fundi anayekitaka. Akanitupia. "Haya. Loweka, kata, tengeneza mwenyewe. Wewe si una mikono?"

Emanueli katengenezewa, mimi tengeneza mwenyewe. Na tena shingo! Nikaichukua. Lakini sikutaka kusubiri kijito. Ngozi kijitoni inataka siku nyingi, na Emanueli alikuwa karibu kurudi shule na ya kwake, wazazi wamemaliza kutoa. Nikafikiri kama mtu anayejua dunia. Maharage yakilowekwa kwenye maji baridi yanachelewa, yakichemshwa yanalainika upesi. Ngozi itakataaje? Nikateka maji kwenye sufuria kuukuu, nikaweka juu ya mafiga, yalipochemka nikaitumbukiza.

Ndugu zangu, ilijikunja. Mbele ya macho yangu, kama kiumbe kilichoguswa na moto, ile ngozi ikajivuta, ikafupika, ikanenepa, ikajizungusha kama sikio la nguruwe. Nikaichomoa kwa kijiti nikaivuta kwa nguvu zote. Ilikuwa inateleza na inarudi kama mpira. Nikairudisha nikidhani haijaiva. Ilipokaa zaidi ikaanza kuyeyuka pembeni, maji yakawa mazito, yananata vidoleni kama gundi. Mama alipotoka akakuta nimenatana na sufuria, akapiga kelele, "Umechemsha ngozi? Nani kakwambia ngozi inachemshwa?" Baba akaja, akalitazama lile donge, akasema tu, "Ngozi ni maji baridi," akarudi kwenye mpini wake. Hata nilipowatupia mbwa lile donge, waliligombania wakanitia aibu nyingine.

Siku hizi naajiri watu, na neno la kwanza ninalowafundisha ni hilo la baba. Binti yangu Veronika, anayesoma kemia, ndiye aliyenieleza sababu. Alisema, "Ngozi yenyewe ni kamba, baba." Ukiitazama kwa ndani kabisa ni nyuzi za protini, tatu tatu, zimesokotana pamoja. Uzi wenyewe umeungwa kwa vifungo vigumu, lakini nyuzi na nyuzi zinashikana kwa vifungo vingi dhaifu, jamaa ya vile vya katikati ya ngazi ya Emanueli. Maji baridi hayavivunji, yanapenya tu na kulainisha. Maji ya moto yanaviachanisha, nyuzi zinafumuka kila mmoja kivyake, zinajikunyata ovyo, na ngozi haiwi ngozi tena. Akanieleza vizuri, kwa upole, kama mwalimu. Nami nilimsikiliza nikiona fahari, na pembeni ya fahari nikasikia kitu kinanichoma. Nikawaza, huyu naye anajua lugha ya Emanueli. Wakikutana wawili hao Krismasi mezani kwangu, kwenye nyama niliyonunua mimi, wanaongea mambo yao na mimi napitisha chumvi.

Lakini tuendelee. Baba alizining'iniza zile kamba mbili kwenye mhimili wa zizi zikiwa bado mbichi, vijiti na shanga vimeshakaa, akafunga jiwe chini, akalizungusha lile jiwe polepole mpaka ngazi yote ikajisokota, akaizuia kwa kigingi ikauke hivyo hivyo juani. Ilipokauka haikuhitaji tena jiwe wala kigingi. Ilisimama yenyewe, imekakamaa, rangi ya asali, shanga zinametameta ndani yake. Nilichukia jinsi ilivyokuwa nzuri. Emanueli aliifunga kwenye kanga ya mama, akaondoka nayo kupanda basi, na baba akamsindikiza mpaka barabarani amevaa koti la kanisani. Koti la kanisani, siku ya Jumatatu.

Siku ya maonesho ilipita. Mwisho wa juma lile majirani walikuja kwetu kulima. Kwetu tunalimiana kwa zamu: leo maksai wote kwako, kesho kwa mwenzako, na mwenye shamba anaandaa chakula na pombe. Niliswaga siku nzima kwa fimbo, nikikimbia pembeni. Alasiri tulikuwa tumekaa uani, wazee kwenye magogo, mtungi katikati, tulipomwona Emanueli anapanda mlima na ile kanga begani. Mwalimu alikuwa amewapa ruhusa ya siku mbili.

Akawaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo. Mzee Tluway, jirani yetu ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, akamwahi kabla hajakaa.

"Haya, wakubwa wamesemaje? Kamba ya baba yako imewatoa macho?"

Emanueli akaifungua kanga. "Wamesifu shanga. Wamesifu mafundo, mawili mawili na matatu matatu. Lakini sikupata nafasi ya kwanza."

"Kwa nini?"

Akasita. Namkumbuka alivyolamba midomo. "Mwalimu amesema imesokotwa kinyume. DNA inajisokota kwenda kulia. Hii imekwenda kushoto."

"Kosa la nani hilo?"

"La baba," akasema Emanueli.

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama anayejibu mtihani. Lakini waliokuwa wanameza pombe wakaishikilia shavuni. Laiti ningekuwa na Veronika siku ile, angewaambia kwamba ndani ya ile ngozi yenyewe kila uzi wa protini peke yake umejisokota kwenda kushoto, na ni zikikutana tatu ndipo zinapokwenda pamoja kulia. Lakini Veronika alikuwa hajazaliwa, na msomi pale kwetu alikuwa mmoja.

Baba akanyoosha mkono akaichukua. Akaifuata mizunguko yake kwa kidole kutoka juu hadi chini. Halafu akaokota mabaki ya ukanda yaliyokuwa karibu na gogo, akayalowesha kwa mate, akakunja mara mbili, akaanza kusokota. Mkono wa kushoto ndio uliozungusha. Alikuwa akifanya hivyo miaka yote mbele yetu, na hakuna aliyeuona ni mkono wa kushoto. Ulikuwa mkono wa baba, basi. Kamba ikatoka, ikaenda kushoto.

"Mimi ndivyo ninavyosokota," akasema. "Kamba zote za hapa ziko hivi. Maksai hawajalalamika."

"Eh!" Mzee Tluway akapiga paja. "Kumbe ng'ombe wa Masieda wote tumewafunga kinyume! Ndiyo maana mahindi yangu yanalala!"

Wazee wakacheka, pumzi zikarudi. Emanueli akachukua kipande naye, akasokota kwa mkono wa kulia, "Iwe hivi, baba," na kikaenda kulia vizuri kabisa. Baba akajaribu kumfuata. Akazungusha mara moja, mara ya pili, kisha vidole vikarudi vyenyewe kule kwao. Akatikisa kichwa. Halafu akageuka akanitafuta mimi kwa macho.

"Garma, njoo hapa. Sokota."

Nilijua nimekwisha. Nilikwenda nikiwa nasikia tayari majina mapya watakayonipa. Hakuna aliyewahi kunifundisha kusokota. Nilikuwa nimetazama tu, miaka yote, nikichukia na kutazama. Nikachukua ukanda, nikaulowesha kwa mate kama alivyofanya, nikaukunja. Shuleni vidole vya kushoto vilikuwa vimechapwa vikatulia, lakini pale hapakuwa na mwalimu. Vilikwenda. Vilizungusha kana kwamba vilikuwa vinangoja kuitwa, na kamba ikatoka imebana, imekaza, ikaenda kushoto.

Baba akaichukua akaiweka kiganjani pamoja na yake. Akazichanganya. Akamnyooshea Mzee Tluway.

"Ipi yangu?"

Tluway akazigeuza, akazinusa hata, mshenzi yule. "Huyu naye!" akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde. "Baba yake mtupu! Watu wa Masieda, kosa limepata mrithi!"

Uani pote pakalipuka. Walinicheka wote, wazee kwa watoto, na kwa mara ya kwanza maishani nikataka wasinyamaze. Baba alicheka mpaka akafuta macho kwa mgongo wa mkono, ule ule, na ule mwingine akauweka shingoni mwangu akauacha hapo, mzito, unanuka siagi. Sikumbuki kama alimaliza pombe yake.

Emanueli peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na kile kipande chake cha kulia, anatazama mkono wa baba ulipokaa, anatazama vidole vyangu. Nililijua lile jicho. Nilikuwa nimelivaa mimi msimu mzima, nalijua lilivyo zito na linavyowasha. Wazee walipoinuka kwenda kutazama maksai akanisogelea, akanong'ona ili baba asisikie.

"Nionyeshe unavyoanza."

"Haifundishwi," nikamwambia, nikaenda kufungua ng'ombe.